Kompyuta Isiyoacha Alama

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ilikuwa inafuta bila kuacha alama.

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, nauvuta waya wa mashine ya vumbi uliokuwa umenasa, na bwana mmoja wa ofisi ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na koti lake bado mwilini, kile kitu kikiwa mapajani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Ofisi nzima tulikuwa wawili tu. Aliandika mstari, akausoma, akatikisa kichwa, akabonyeza kibonye kimoja, na herufi zikarudi nyuma moja moja mpaka zikaisha. Pale zilipokuwa pakabaki safi kabisa. Shuleni kwetu ukikosea ulifuta kwa raba, na kama huna raba ulifuta kwa kidole na mate, karatasi ikatoboka, na mwalimu akaliinua daftari darasa zima lichungulie kwenye tundu.

Tangu siku ile nilipanga kazi yangu ili upande wake niufagie akiwa ameshafika. Ilikuwa kompyuta, lakini si kama zile kubwa zilizokaa mezani kama televisheni. Hii ilitoshana na kitabu kinene, haikuwa na waya, na kioo chake kilionyesha mistari minane tu. Alipokwenda kunywa kahawa aliibeba kwapani.

Mwezi wa tisa nikakuta karatasi imebandikwa jikoni kwa wafanyakazi, na picha yake imechorwa kwa kalamu. Ilikuwa inauzwa; alikuwa amepata mpya. Niliisoma ile karatasi siku nne. Siku ya tano nilisimama mbele ya yule bwana nikainyooshea kidole kompyuta, maana Kiswidi chote kilikuwa kimenitoka.

"Wewe unaandika?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hivyo kabla, na sikujua kama ni kweli.

Akanionyesha. Hapa unawasha. Hapa zinakaa betri nne ndogo. Hapa unakipa jina ulichoandika ili ukikute kesho. Kisha akaigeuza tumbo juu, akaigongagonga kwa ukucha, akaeleza jambo refu kwa haraka, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyowaitikia Waswidi wote maneno yao yakizidi urefu wangu. Nikampa pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya koti la baridi, nikaondoka na kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni.

Nyumbani Hjulsta, mwisho wa njia ya treni, shangazi yangu Agripina aliuangalia mfuko, akanitazama mimi, akauangalia tena.

"Ni taipureta?"

"Kompyuta."

"Sehemu yake nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu, shangazi. Imeishia hapo."

"Na koti?"

"La mwaka jana bado linanitosha."

"Lile halifungi kifuani, Domina. Utaifunga kompyuta kifuani?"

Watoto wake wawili waliivamia, wakaulizana kwa Kiswidi michezo iko wapi. Walipogundua haina mchezo hata mmoja wakarudi kwenye televisheni. Shangazi akakaa karibu, akaigusa kidogo kwa kidole cha kati, kama anapima joto la mtoto. Yeye ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, na vitu vyote vipya huvigusa hivyo kwanza.

Nilianza kuandika kwenye treni. Kutoka Hjulsta hadi Fridhemsplan, kituo cha ofisini, kulinitosha, na kurudi tena. Zamani safari ile ilinitesa; miguu yangu ilikuwa haitulii, nilihesabu vituo, nilisoma matangazo yale yale, nilisimama kabla ya wakati. Sasa vidole vilipata kazi. Sikuwa na maneno yangu mwenyewe ya kuandika, kwa hiyo niliandika ya wengine: alivyosema shangazi asubuhi, alivyojibu mtoto, alivyofoka msimamizi wa usafi. Niliweka jina la mtu, halafu maneno yake kama yalivyotoka. Kulikuwa na vibonye vitatu vya herufi za Kiswidi ambavyo Kiswahili hakikuvihitaji, na hivyo vilibaki vinang'aa wakati vingine vilianza kufifia. Jioni niliyasoma yote mara moja, kisha nikayafuta. Ningeweza kuyaacha. Nilipenda kuyaona yanaondoka.

Tarehe nane Novemba, Jumapili, chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki kilikuwa na mkutano Alby, katika ukumbi mdogo ulio chini ya maghorofa. Nilikwenda na kompyuta ndani ya mfuko wake kwa sababu sikuthubutu kuiacha nyumbani na watoto. Niliketi mstari wa nyuma, karibu na sufuria.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Wambura, fundi wa simu, ambaye huja na kamera kila mkutano na kutupiga picha tukiwa tunatafuna. Alianza kwa kutangaza kwamba katibu wetu, Method, amehamia Göteborg, na leo hakuna wa kuandika.

"Nipeni bahasha," akasema Ziada, mpishi wa shule, mwanamke ambaye hawezi kukaa karibu na mfuko bila kuuchungulia. Alikuwa anatafuta karatasi. Akatia mkono kwenye mfuko wangu. "He! Jamani! Tunahangaika na bahasha, na huyu mdogo wangu amekalia kompyuta!"

Watu wakageuka. Ziada akainyanyua juu. Nikaona daftari lenye tundu.

"Inafanya kazi?" akauliza Kariuki, Mkenya anayesomea uhandisi.

"Inaandika tu," nikasema.

"Basi ni hiyo tunayotaka. Mwenyekiti, napendekeza."

"Naunga mkono," akasema Ziada.

"Jamani, kazi ya katibu si vibonye," akasema Mzee Wambura. "Anayo elimu?"

Hapo shangazi akasimama, akanyoosha blauzi yake. "Domina alimaliza la saba. Tena alifaulu vizuri."

Watu wakapiga makofi. Nami sikusema kitu.

Mimi niliishia la tano. Shangazi alijua. Alipojaza fomu za kunileta huku aliandika la saba, na nilipomtazama aliniambia: "Vita ndivyo vilivyokukatisha, mwanangu, si wewe. Majeshi ya Amini yasingevuka mpaka, ungemaliza. Kwa hiyo nikiandika la saba sisemi uongo, naandika kile ulichonyang'anywa." Tangu hapo alikuwa anakirudisha kila alipopata nafasi, mbele ya watu, kwa sauti.

Wakanisogeza mbele. Nikaiweka mapajani, nikaipa kazi ile jina, MKUTANO, na nikaandika kwa njia pekee niliyoijua: jina la mtu, halafu maneno yake. Nilianzia pale pa bahasha.

Ajenda ilikuwa moja. Chama kina uwezo wa kufanya sherehe moja ya uhuru kwa mwaka, na nchi ni tatu.

"Tarehe tisa Desemba," akasema Mzee Wambura. "Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana."

"Mwaka jana mwenyekiti alikuwa Mtanzania," akasema Kariuki.

"Na mwaka huu ni Mtanzania huyo huyo."

"Mzee, tarehe tisa ni Jumatano. Kumi na mbili, siku ya uhuru wetu sisi, ni Jumamosi. Kalenda ya Waswidi yenyewe imechagua Kenya."

"Uhuru hauangalii Jumamosi, bwana!"

"Lakini mabasi yanaangalia," akasema Mwalimu Matia. Huyu alikuwa mwalimu Uganda kabla ya kukimbia; sasa anaendesha basi, na bado tunamwita Mwalimu. "Sisi uhuru wetu ulikuwa tarehe tisa Oktoba. Umepita. Hakuna hata mmoja wenu aliyenipigia simu."

"Pole, Mwalimu," akasema Ziada. "Tungepiga, lakini fundi wa simu alikuwa anapiga picha."

Walicheka, walizozana, walikula. Mwishoni Mzee Wambura akatupa mikono juu. "Haya, fanyeni hiyo kumi na mbili yenu! Mimi nitakuja kama mgeni, nitakaa karibu na mlango." Nikaandika na hilo. Kisha akanigeukia, akasema mkutano ujao ni baada ya wiki tatu, na kama kawaida tutaanza kwa katibu kusoma muhtasari mbele ya wajumbe.

Kusoma. Kwa sauti. Mbele ya wajumbe.

Kesho yake shangazi alinipa faili la Method ili nione namna. Muhtasari wake ulisema: "Wajumbe walijadili kwa kina. Ilikubaliwa kwamba." Kurasa na kurasa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyecheka. Nilijaribu kuandika hivyo. Niliandika "Wajumbe walijadili kwa kina," nikaangalia, nikafuta. Nikaandika tena asubuhi, kwenye treni, nikafuta Rinkeby, nikaandika Rissne, nikafuta kabla ya Fridhemsplan. Sikujua kina ni wapi. Nikarudi kwenye maneno yao kama yalivyokuwa, nikayaacha, maana hayo angalau niliyasikia.

Lakini hofu yangu haikuwa katika kuandika. Nilisoma kimya na kila kitu kilikwenda sawa. Nilipojaribu kwa sauti, bafuni, maji yakiwa yanamwagika ili watoto wasisikie, ulimi uligeuka ubao. Niliacha kula vizuri. Ofisini nilifagia mahali pamoja mara mbili na pengine nikapasahau, msimamizi akanionya. Usingizi ulikuwa unakuja kwenye treni na kunikimbia kitandani. Madirishani watu walianza kuweka nyota za karatasi zenye taa, ishara kwamba Desemba iko karibu, na mimi kila nyota niliona ni siku imepungua.

Jumatano ya wiki ya tatu, taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kompyuta, pembeni mwa kioo. Nilijua maana yake; hilo la betri nilikuwa nimelielewa. Ningeshuka kwenye kioski nikanunua nne nyingine. Nilishuka, nikasimama mbele ya kioski, betri zikiwa zimening'inia pale karibu na peremende. Nikanunua peremende.

Zikiisha, nilifikiri, maneno yataisha nayo. Kama taa ya kandili mafuta yakikauka. Katibu atasema kompyuta imekufa, watu watasikitika, Mzee Wambura atasema nilijua, na watamtafuta mwenye kalamu. Hakuna atakayesema Domina hajui kusoma mbele ya watu. Watailaumu mashine. Nikaiwasha, nikaanza kuandika upuuzi: majina ya vituo, majina ya ndizi, kwenda na kurudi, ili tu iendelee kula. Alhamisi asubuhi, baada ya Rissne, kioo kikafifia, herufi zikawa kama zimeandikwa kwa maji, kisha zikatoweka. Nilibonyeza kila kitu. Kimya.

Nilitegemea kupumua. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyeiba kwenye nyumba aliyoalikwa. Maneno ya Ziada, ya Mwalimu, ya Kariuki, niliyokuwa nimeyabeba wiki tatu bila kufuta, nimeyazika mwenyewe.

Jumapili tukaenda Alby. Shangazi alikuwa amenisuka nywele upya na kunivalisha koti lake jeusi la kanisani, kwa sababu katibu asingeweza kusimama na lile lisilofunga. Njiani alisalimia kila mtu kwa furaha isiyo ya kawaida. Ukumbi ulijaa.

"Tuanze," akasema Mzee Wambura. "Katibu, muhtasari."

Nikasimama na kompyuta mkononi. "Imezima," nikasema. "Betri zimekwisha. Maneno yamepotea."

"Yamepotea wapi?" akasema Ziada. "Yamemfuata Method Göteborg?"

Wakacheka. Mzee Wambura akakunja mikono. "Nilijua. Basi nitawakumbusha mimi. Tulikubaliana tarehe tisa."

"Mzee!" Kariuki akaruka. "Tulikubaliana kumi na mbili! Ukasema utakaa mlangoni!"

"Mimi? Nikae mlangoni? Kwa lipi?"

Kelele zikapanda. Nilikuwa naelekea kukaa, na nilianza kuamini kwamba nimeponea chupuchupu, wakati Mwalimu Matia aliponyoosha mkono akaomba kuiona mashine. Akaigeuza, akafungua kifuniko, akachungulia.

"Nne ndogo," akasema. "Mzee, taa ya kamera yako inakula betri za namna gani?"

"Za kawaida. Ndogo. Nne."

"Tuazime."

"Nitapigaje picha?"

"Utatukumbuka tu, kama ulivyoikumbuka tarehe tisa," akasema Ziada.

Mzee akazitoa moja moja, kama anatoa meno. Mwalimu akazitia, akanirudishia. Niliwasha nikiwa na hakika kwamba nitaona kioo kitupu. Na pale, mstari wa juu, likatokea neno nililoliandika kwa mkono wangu: MKUTANO.

Kariuki alikuwa ameinama begani kwangu. "Ah, hizi zina betri nyingine ndogo ndani, tumboni. Inalinda maneno wiki kadhaa hata hizi zikifa. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Yule bwana aliyeniuzia aligonga tumbo la kompyuta kwa ukucha, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

"Katibu husoma akiwa amesimama," akasema Mzee Wambura.

Nikaiweka kwenye mkono wa kushoto kama mtoto, kidole cha kulia kwenye mshale. Mistari minane tu. Hiyo ilinisaidia, sikuona bahari nzima, niliona bakuli. Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ikakatika, nikaanza upya.

"Ziada akasema: Nipeni bahasha."

Ziada mwenyewe akaruka: "Kweli nilisema! Mungu wangu, nimo!"

"Ziada akasema: He! Jamani! Tunahangaika na bahasha, na huyu mdogo wangu amekalia kompyuta."

Wakaangua kicheko. "Huu si muhtasari!" akasema Mzee Wambura, lakini nyuma walikuwa wanapiga kelele, "Soma, soma!" Nikabonyeza mshale, mistari ikapanda, nikasoma Kariuki, nikasoma Ziada tena, na kila mtu alikuwa anasubiri jina lake. Nikabonyeza tena. Na chini kabisa ya kioo nikaona kinachokuja.

Agripina akasema: Domina alimaliza la saba. Tena alifaulu vizuri. Domina hakusema kitu.

Nilikuwa nimeandika hata hilo. Niliyaandika yote. Kwenye mstari wa pili shangazi alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, anatabasamu kwa wajumbe wa kulia na kushoto.

"Subirini kidogo," nikasema.

"Kompyuta inafikiri," akasema Kariuki.

Nikapeleka alama mpaka mwisho wa sentensi, nikakandamiza kile kibonye. Herufi zikarudi nyuma, moja moja. Likaondoka "kitu," likaondoka "Domina," likaondoka "saba." Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Pale zilipokuwa pakabaki safi, na sentensi ya chini ikapanda kukaa mahali pake kama vile siku zote ilikuwa hapo. Nikaendelea kusoma. Nilisoma Jumatano na Jumamosi, nikasoma kalenda ya Waswidi, nikasoma simu ambayo Mwalimu hakupigiwa, na nilipofika "Haya, fanyeni hiyo kumi na mbili yenu, mimi nitakuja kama mgeni, nitakaa karibu na mlango," ukumbi ulishangilia hadi mtu wa juu akagonga sakafu.

Mzee Wambura alijipangusa paji la uso. "Basi. Yamethibitishwa. Nitatia sahihi wapi? Kwenye kioo?"

Yalithibitishwa bila marekebisho.

Tukarudi na treni ya mstari mwekundu mpaka T-Centralen, tukabadilisha, tukapata viti kwenye ya bluu. Nilikuwa nimezirudisha betri za Mzee, na kompyuta ilikuwa kimya ndani ya mfuko. Miguu yangu ilikuwa imeanza tena ule mchezo wake. Tulipopita Rissne shangazi akasema, bila kunitazama:

"Nilikuwa nalisubiri neno langu. Ulisoma ya Ziada, ukasoma ya Kariuki. Nikasema, sasa mimi. Ukaniruka."

"Ndiyo."

"Ulilifuta. Pale ulipotuambia tusubiri."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa nini? Ulisoma mbele ya watu wote wale, hukukwama. Nani angesema hukumaliza la saba? Na mimi sikudanganya. Nimekwambia mara ngapi, vita ndivyo..."

Treni iliingia Tensta, milango ikafunguka, watu wakashuka, milango ikafunga. Kilibaki kituo kimoja. Nilikuwa nimekaa na neno lile miaka minane, nyumbani na huku, na kila aliponionea huruma lilizidi kunenepa.

"Vita havikunizuia," nikasema. "Tulirudi kijijini, shangazi, na shule ikafunguliwa. Wenzangu wote waliingia. Mimi nilikuwa nimesimama nje, chini ya dirisha, na daftari mkononi. Nikamsikia mwalimu akiita jina langu nikasome mbele. Nikageuka, nikaenda shambani, na sikurudi tena. Hakuna aliyeninyang'anya. Niliogopa tu."